Kidude Kilichofungwa Ubao

"Ofisi hii hailali!"

Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu za Wananchi alilitoa tangazo hilo asubuhi kweupe, akiwa amesimama juu ya kiti cha mapokezi ili waliokaa nyuma ukumbini nao wapate kumwona uso na tumbo kwa pamoja.

"Narudia kwa faida ya waliochelewa. Ofisi hii hailali, haisinzii, wala haipigi miayo. Mimi mwenyewe, tangu nikabidhiwe wadhifa huu, sijawahi kufumba macho saa za kazi. Hata kupepesa napepesa kwa zamu, jicho la kulia kisha la kushoto, ili mwananchi asije akafika akakuta yote mawili hayapo. Na hapa hakuna kujuana. Hata mama yangu mzazi akija, atapanga foleni kama ninyi!"

Wananchi wakapiga makofi. Baadhi walipiga kwa kuamini, baadhi kwa sababu mikono yao ilikuwa imekaa muda mrefu bila shughuli.

Kwa matangazo ya namna hiyo, watumishi walikuwa wamempa jina la Macho Kodo. Naye alilivaa kama nishani. Hakuna aliyethubutu kumnong'oneza kwamba amelivaa nje ndani.

Macho Kodo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hamu moja tu maishani, nayo ni kuhamishiwa makao makuu. Alikuwa amesikia kwamba huko viti vinaegemea nyuma mpaka mtu akatazamana na dari, mapazia ni mazito, na milango inafungika kwa ndani. Katibu Mkuu, ambaye ndiye mwenye kalamu ya kuhamisha watu, alikuwa ametuma ujumbe kwamba mwisho wa mwezi angezuru idara kujionea mafanikio yanayoonekana kwa macho na kusikika kwa masikio. Macho Kodo aliyatafuta mafanikio hayo idara nzima, hadi nyuma ya makabati. Hakuyaona. Ikabidi yatengenezwe.

Kwa bahati njema, tatizo lilikuwepo, na kiongozi mwenye tatizo hakosi cha kuzindua. Spika ya zamani, ile iliyokuwa ikiwaita wananchi kwa majina waende dirishani, ilikuwa kimya tangu panya alipokula waya wake. Tangu hapo Dada wa Mapokezi aliita kwa koo lake mwenyewe, na koo si bomba. Mwanzo alipaza sauti, baadaye akakwaruza, mwishowe akawa ananong'ona tu kama mtu anayesengenya. Aliyeitwa hakusikia. Aliyesikia hakuwa ameitwa. Kuna bwana mmoja alikwenda dirishani kwa kukisia, akarudi na cheti cha ndoa ya watu wengine, akashukuru.

Makao makuu yakaleta spika mpya, nene, nyeusi, isiyo na waya, inayopokea sauti kwa bluetooth. Panya wakakosa la kusema. Lakini kompyuta ya mapokezi nayo ilikuwa ya enzi zake. Ukiiwasha ilikohoa kwanza, ikafikiri, kisha ikakuuliza kama una uhakika. Habari za bluetooth ilizisikia ikiwa imeshastaafu moyoni.

"Bosi," Dada wa Mapokezi alinong'ona, "kuna kidude. Unakichomeka hapa kwenye tundu la USB, kompyuta inapata bluetooth. Vinauzwa hapo ng'ambo, kwa yule anayebadilisha vioo vya simu."

Macho Kodo alimtazama kwa huruma, kama baba anavyomtazama mtoto aliyeomba mwezi.

"Dada, idara hainunui kidude. Hakuna serikali duniani yenye fungu la vidude. Hicho ni Kiunganishi cha Kimkakati, na kitaundiwa kamati."

Kamati ikaundwa. Ikaitwa Kamati ya Uunganishaji Usioonekana, na kwa wiki nzima ililitendea haki jina lake. Ilipoonekana, kidude kilikuwa kimeshanunuliwa hapo ng'ambo, kwa yule yule anayebadilisha vioo vya simu. Kilikuwa kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Hapo ndipo sheria ilipopiga hodi.

Kwa mujibu wa kanuni za idara, kila mali ya umma lazima iandikwe jina la idara kwa rangi nyeupe, kwa herufi ambazo mtu aliyesimama mlangoni anaweza kuzisoma. Kidude hakikuwa na mahali pa kuandika hata herufi ya kwanza. Kamati ikakaa, ikala karanga, ikapata jibu: kama kidude hakiwezi kubeba maandishi, basi maandishi yatabeba kidude. Ukachongwa ubao wa mninga, mrefu kama mkono wa mtu mzima, ukapakwa maandishi MALI YA IDARA YA KUMBUKUMBU ZA WANANCHI, na kidude kikafungwa kwenye ncha yake kwa mnyororo mfupi wa chuma.

Fundi wa kompyuta alipoletewa aliuzunguka ubao mara mbili. Fundi huyu watu walimwita Labda, kwa kuwa hakuwa na jibu jingine.

"Bosi, ubao hauniachii nikichomeke. Mnyororo mfupi, na meza inaukinga ubao."

"Unashauri nini kitaalamu?"

"Labda tufupishe ubao."

"Ubao ni mali ya umma sasa. Una jina. Meza je?"

"Meza haina jina, bosi. Lilifutika."

Basi meza ikakatwa tundu. Kompyuta ikainuliwa juu ya matofali, ubao ukaning'inia tunduni kama mguu wa mtu aliyejificha darini, na kidude kikaingia mahali pake. Taa yake ndogo ikawaka. Kamati ikapigana mabega, ikaenda kula.

Spika yenyewe, wakati huo wote, ilikuwa kwa Macho Kodo. Aliichukua nyumbani mwisho wa wiki kwa kile alichokiita majaribio ya ustahimilivu. Majaribio hayo, kwa bahati tu, yaliangukia siku ambayo shemeji yake alikuwa akihamia nyumba mpya, na watu walicheza hadi vigae vikaomba radhi. Simu ya Macho Kodo ndiyo iliyoimba, spika ikaitikia. Vitu hivyo viwili vilishibana usiku ule kama mapacha, na tangu siku hiyo spika ikiwaka mahali popote karibu na simu ile, ilikuwa inaikimbilia yenyewe bila kuitwa. Jumatatu ikarudishwa ofisini. "Imefaulu," alitangaza Macho Kodo, sauti yake ikiwa imekauka kidogo.

Ila kwa kompyuta haikufaulu. Labda aliiweka spika ukumbini, akabonyeza. Kompyuta ikatafuta, ikatafuta, ikakohoa, ikasema haijaona kitu. Siku ya pili hivyo hivyo. Spika ilikuwa pale pale mbele yake, taa inawaka, inamtazama kama mke wa mtu.

"Labda ni hewa, bosi," alisema Labda. "Sauti inapita hewani. Watu wanapitapita, labda wanaikata."

Macho Kodo aliona ukweli wa jambo hilo papo hapo. Siku ile ile zikachorwa mistari miwili ya rangi ya manjano sakafuni, kutoka mapokezi hadi ilipokaa spika, na kibao kikasimamishwa: USIPITE, MANENO YANAPITA. Hewa iliyokuwa kati ya mistari hiyo ikatangazwa kuwa hewa ya idara. Na kwa kuwa mlango wa kuingilia ulikuwa upande mmoja wa mistari na madirisha ya huduma upande wa pili, kamati iliruhusu wananchi wapite wakiwa wamechuchumaa, ili maneno yawapite juu ya vichwa.

Ni katika siku hizo za kuchuchumaa ndipo alipofika mama mmoja mtu mzima, kanga mbili safi, miwani imefungwa uzi, akiwa na bahasha kwapani. Alifika kwenye mstari wa manjano, akakisoma kile kibao, akavuka wima.

"Mama, shikamoo. Hapo tunachuchumaa," alinong'ona Dada wa Mapokezi.

"Marahaba, binti yangu. Magoti yangu nayatumia kwa kazi maalumu. Maneno yakinigonga, nitayaomba radhi."

Alikaa benchi la mbele kabisa. Shida yake ilikuwa ndogo. Cheti chake kipya, alichopewa na idara hiyo hiyo, kilisema amezaliwa baada ya mwanawe wa kwanza. Na mwanawe wa kwanza alikuwa Macho Kodo.

Habari zilipomfikia, Macho Kodo alitoka mbio, akachuchumaa, akavuka mistari, akasimama mbele ya mama yake akihema.

"Mama! Si ungenipigia simu? Njoo ofisini, unywe chai, cheti kitaletwa."

"Chai ninayo nyumbani. Nimefuata cheti."

"Basi njoo ukisubiri ndani."

"Ulisema hata mama yako mzazi atapanga foleni. Jirani yangu alikuwepo, alikusikia. Ulikuwa umepanda kiti cha watu na viatu. Sasa mimi nimekuja kupanga. Nitaitwa kama wenzangu wanavyoitwa, kwa hicho chombo chenu."

"Chombo kina changamoto kidogo, mama."

"Nitakingoja. Sitaki kwenda kaburini nikiwa mdogo wako." Akamkagua toka kichwani hadi miguuni, jicho likalainika. "Na ile sauti niliyokurekodia kwenye simu, inakuamsha?"

"Kila siku, mama."

"Alfajiri?"

"Alfajiri mbichi."

"Ndiyo maana unang'aa."

Macho Kodo alirudi ofisini kwake akafunga mlango, akajifuta jasho. Jambo la sauti lilikuwa nyeti. Tangu utotoni, usingizi wake ulikuwa wa aina yake. Majogoo walimwimbia mpaka wakakata tamaa. Shuleni kengele ilipigwa sikioni mwake, akageukia upande wa pili. Kiumbe mmoja tu aliweza kumtoa huko aliko, naye ni mama yake. Kwa hiyo alimwomba arekodi maneno machache, akamwambia ni ya kumwamsha alfajiri awahi kulitumikia taifa. Mama akarekodi akiwa jikoni, mwiko mkononi, kwa moyo mmoja. Mtoto akaenda akaitega saa nane mchana.

Utaratibu ulikuwa hivi. Baada ya chakula Macho Kodo alifunga mlango, akavua viatu, akafungua faili kubwa mbele yake, akachomeka sikioni kisikizi kidogo kisicho na waya, akazima sauti ya nje ya simu, kisha akaenda zake. Saa nane mama alimfokea ndani ya sikio, asisikie mwingine. Anafuta udenda, anavaa viatu, anafungua mlango akiwa na kalamu mdomoni. Ofisi hailali.

Lakini tangu yale majaribio ya ustahimilivu, kisikizi kilikuwa hakisemi. Siku hizi aliamka saa kumi, mara nyingine na nusu, shavuni amechapwa alama ya stapla. Alikilaumu kisikizi. "Vitu vya siku hizi," alisema, akakipuliza vumbi.

Wakati huo huo, jambo jingine lilianza kutokea kwenye korido. Kila baada ya majaribio ya asubuhi kushindikana, spika ilirudishwa katika kabati la mbao lililoegemezwa kwenye ukuta wa ofisi ya Macho Kodo. Na kwa kuwa kanuni zilikataza kuzima kifaa cha umma bila kibali, ilikaa humo ikiwa imewashwa, waya wa chaji umepitishwa kwenye tundu la kitasa.

"Bosi," Dada wa Mapokezi alinong'ona asubuhi moja, "kabati linaongea."

"Kabati gani?"

"La korido. Kila mchana. Sauti ya mama mtu mzima. Linafoka. Linasema amka, sijui vaa viatu, mlango unazuia hayasikiki yote vizuri. Jana mhasibu alikuwa amelala juu ya kikokotoo, akaruka akaenda kujisalimisha."

Macho Kodo alitafakari kama kiongozi.

"Wewe binafsi ulilisikia saa ngapi?"

"Saa nane kamili. Tulikuja kukugongea, hukufungua."

"Nilikuwa kwenye kikao."

"Na nani, bosi? Mlango ulikuwa umefungwa."

"Kikao cha ndani. Sikiliza, dada. Kabati ni mbao. Msilijibu. Mkianza kulijibu litaomba mshahara."

Watumishi hawakulijibu, lakini walilitii. Ikifika saa nane, korido nzima ilikaa wima, ikafuta midomo, ikavuta mafaili. Vyeti vilivyokuwa vimelala miezi viligongwa mihuri. Macho Kodo alipoamka saa kumi na kukuta kazi imeenda, aliandika makao makuu kwamba watumishi wake wameanza kuiga mfano wake.

Mwisho wa mwezi ukabisha hodi na kompyuta bado haijaiona spika. Macho Kodo alimwita Labda, akamfungia mlango.

"Fundi, Katibu Mkuu anakuja kesho. Ile spika isipoongea, mimi nitazeekea hapa. Nipe jibu moja, halafu ulitoe labda."

Labda alijaribu kulitoa. Likamkwama.

"Lab... bosi, hizi spika huwa zinashika kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Labda kuna simu ya mtu imeishika."

"Wananchi!" Macho Kodo alipiga meza. "Nilijua tu. Wanakuja hapa na simu zao kuturubunia spika. Kuanzia kesho, simu zote zizimwe mlangoni. Za wananchi, za watumishi, ya mlinzi, zote."

"Na ya kwako, bosi?"

"Yangu si simu. Ni chombo cha uongozi."

Siku ya uzinduzi ukumbi ulipambwa. Meza kuu ilivishwa kitambaa cha buluu, ikapangiwa chupa za maji na maua ya plastiki yaliyooshwa vizuri. Wananchi walizima simu, wakachuchumaa, wakavuka, wakakaa. Mama mwenye miwani ya uzi alivuka wima, akakaa benchi lake la mbele, hatua chache kutoka meza kuu, bahasha mapajani.

Katibu Mkuu alifika akitoka kula. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye kope nzito. Kabla hajaketi vizuri, miguu yake ilikuwa imeshatoka viatuni chini ya kitambaa, yenyewe kwa yenyewe, kwa mazoea ya miaka.

Macho Kodo akasimama kuhutubia. Alianza na historia ya sauti tangu kuumbwa kwa dunia. Akaja kwenye ngoma, akapita kwenye tarumbeta, akamlaani panya kwa kirefu. Alipofika kwenye ubao wa mninga, kidevu cha Katibu Mkuu kilikuwa kimeshatua kifuani, na wasaidizi wake kulia na kushoto walikuwa wamemfuata kiongozi wao kwa nidhamu kubwa.

"Na sasa," alipaza sauti, "namwomba fundi aunganishe!"

Labda akaupenyeza ubao tunduni, akachomeka kidude. Dada wa Mapokezi akakaa tayari mbele ya kipaza sauti cha kompyuta. Mlinzi, kwa kibali maalumu, akaizima spika na kuiwasha upya.

Spika ikatoa mlio mtamu wa kuunganika: tuu-dit! Taa ya buluu ikatulia.

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Labda akakodolea macho kompyuta yake, ambayo bado ilikuwa inatafuta.

"Bosi, labda bado..."

"Labda, nyamaza!" Macho Kodo alifungua mikono kama anayekumbatia ukumbi mzima. Machozi yalimlenga. Aliyaona mapazia ya makao makuu, mazito, yakifungwa taratibu. "Ndugu wananchi, tulieni! Neno la kwanza litakalotoka humu litaingia katika historia ya idara hii!"

Ukumbi ukatulia. Saa ya ukutani ikagota saa nane.

"WEWE!" ilinguruma spika. "Amka! Jua limetoka, wewe unakoroma tu! Futa udenda! Kaa wima! Vaa viatu, watu wanakungoja!"

"Naam, mama!" Katibu Mkuu alijibu, akakurupuka. Alijifuta kidevu kwa kitambaa cha meza, akakaa wima, akashika chupa ya maji kama kalamu, huku miguu ikihangaika chini kutafuta viatu. Mmoja ulipata. Mwingine ulipiga teke gizani. Wasaidizi kulia na kushoto walikuwa wanafuta midomo kwa pamoja, kama kwaya.

"WEWE! Amka! Jua lime..."

Macho Kodo alijipiga mfuko wa shati kwa kiganja. Spika ikanyamaza katikati ya neno.

Hata panya, huko alikokuwa, aliacha kutafuna.

"Mheshimiwa," alisema Macho Kodo, "hilo ndilo... Tangazo la Uhamasishaji wa Umma. Tumelilenga kwa watumishi wavivu. Ambao hapa hatunao."

Katibu Mkuu alimtazama kwa muda. Kisha uso wake ukajaa shukrani ya mtu aliyetupiwa kamba kisimani.

"Safi sana. Mimi mwenyewe limenihamasisha. Mliniona nilivyohamasika?"

"Tulikuona, mheshimiwa."

"Maana mtu asije akadhani nilikuwa nimelala. Nilifumba macho ili nisikilize vizuri."

"Ndivyo tunavyosikiliza hapa, mheshimiwa."

"Mtu kama wewe," Katibu Mkuu alisema, akisogeza chupa ya maji pembeni, "tumekuwa tukimkosa sana makao makuu..."

"Samahani, baba," ilisema sauti kutoka benchi la mbele. "Naomba kuuliza."

Mama mwenye miwani ya uzi alikuwa amesimama. Ilikuwa sauti ile ile, ila bila mwiko.

"Mama," Macho Kodo alisema kwa meno, "si sasa. Tuko kwenye itifaki."

"Itifaki ndiyo iliyokunyonyesha? Hiyo sauti ni yangu. Uliniambia ni ya kukuamsha alfajiri ukalitumikie taifa. Nikaacha mboga yangu motoni ikaungua, nikakurekodia. Sasa hii ni saa nane mchana, mwanangu. Alfajiri ya wapi hii?"

"Mama, hiyo ni hitilafu ya hewa. Kuna wananchi hawakuzima simu..."

"Nimekuona ukijipiga mfuko na chombo kikanyamaza. Wenzio mmewazimisha simu zao mlangoni, mmewachuchumaza wiki nzima kama vyura, kumbe kikulacho kimo mfukoni mwako mwenyewe! Hebu zima."

Hakukuwa na kanuni yoyote ya idara iliyo juu ya sauti ile. Macho Kodo aliitoa simu mfukoni, akaizima.

Tuu-dit, ikalia spika.

"Imeunganishwa!" Labda aliruka juu, ubao ukamgonga goti. "Kompyuta imeiona! Imeishika! Bila labda!"

Dada wa Mapokezi hakumsikia. Alikuwa amemwinamia jirani yake, akimnong'oneza siri kama kawaida, mdomo ukiwa karibu kabisa na kipaza sauti. Na mnong'ono wake, baada ya majuma yote yale, ulitoka kwenye spika mkubwa kama radi: "Kumbe huyu mama ndiye anayefoka kabatini! Kila siku saa nane! Ndiyo maana tukimgongea bosi hafungui!"

"Mama Kabati!" mhasibu alipiga kelele kutoka nyuma, akasimama wima kwa mazoea. "Shikamoo, Mama Kabati!"

"Marahaba, baba," alijibu mama, bila kujua kwa nini watumishi wote wa korido wamesimama.

Kicheko kilianzia mabenchi ya nyuma, kikaja mbele kama maji. Katibu Mkuu aliona kwamba ile kamba aliyotupiwa kisimani sasa inawaka moto. Akaiachia upesi. Akainuka mzima mzima, uso umekunjamana, kidole kinaelekea kwa Macho Kodo.

"Mkurugenzi! Nimesikitika. Nimefedheheka. Kulala saa za kazi ni kumwibia mwananchi! Wananchi hawa wanakungoja, wewe umevua viatu unakoroma! Makao makuu hatuna nafasi kwa mtu wa namna hiyo. Kwetu sisi..."

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema mama, kwa upole kabisa.

Aliinama, akaokota kitu kilichokuwa kimeteleza kutoka chini ya kitambaa cha buluu na kutua mbele ya miguu yake. Akakipangusa vumbi kwa pindo la kanga, akakiinua juu ili ukumbi mzima uone. Kilikuwa kiatu cheusi, kikubwa, cha kung'aa, cha mguu wa kushoto.

"Kabla hujamaliza kumgombeza mwenzako. Hiki kilinifuata chenyewe niliposema vaa viatu. Mwanangu vyake amevaa vyote, nimeshamkagua. Hiki ni cha nani?"

Katibu Mkuu akaurudisha mguu wake wa kushoto nyuma ya wa kulia, taratibu. Wasaidizi wakatazama dari. Macho Kodo, kwa mara ya kwanza tangu akabidhiwe wadhifa, alikuwa macho kodo kwelikweli.

Ndipo Dada wa Mapokezi akakumbuka kazi yake. Akakaa sawa mbele ya kompyuta, akasafisha koo, na kwa mara ya kwanza tangu panya ale waya, mwananchi akaitwa kwa sauti iliyosikika hadi barabarani:

"Mwenye kiatu kimoja, afike dirisha la mapokezi."